Rufaa Dhidi ya Joto

Jumapili, 9 Februari

Joto! Joto la kulainisha soli za viatu. Mama mkwe yuko hapa tangu jana, atakaa nasi mpaka daktari wa magoti amruhusu. Leo shemeji, kaka wa mke wangu, mwalimu wa fizikia, amekuja kumsalimia mama yake. Akakaa kwenye kiti changu. Akaanza kusomesha.

Amemimina maziwa kwenye chai, akasema tutazame. Maziwa yakazunguka, yakapotelea humo. Akasema haya, yatenganisheni. Akasema ndiyo sheria ya pili ya joto hiyo. Ya kwanza: joto haliumbwi wala halipotei, linahama tu. Ya pili: joto likiachwa lenyewe huhama kutoka penye moto kwenda penye baridi, kamwe si kinyume. Na vitu vikiachwa vyenyewe huvurugika, havijipangi. Wasomi wanauita mvurugiko huo entropia. Ndiyo maana, eti, muda unakwenda mbele tu na yai likishavunjika limevunjika. Kisha akanigeukia mimi, si mwingine, akasema sheria hii haina rufaa.

Haina rufaa! Anamwambia nani? Mimi niliyekuwa karani wa mahakama mpaka siku ya kustaafu! Mimi niliyesema "Simameni!" na mkuu wa polisi akainuka! Nimeona sheria zikiingia kwa mlango na kutokea dirishani. Kila sheria ina mwanya. Nikamuuliza ilipitishwa na bunge gani. Nani alitia saini?

Mama mkwe akacheka mpaka akakohoa. Akasema yule mpima ardhi hakuwa anauliza maswali ya namna hii.

Mpima ardhi! Alimposa mke wangu kabla yangu. Miaka yote hii bado anakaa nyumbani kwangu bila kulipa kodi.

Habari njema: mke wangu amepata kazi kubwa ya kwanza katika biashara yake ya aiskrimu. Matroni wa chuo cha uuguzi ameagiza aiskrimu kwa ajili ya mahafali ya Jumamosi. Ndoo nzima nzima! Tabaka jeupe chini, tabaka la waridi juu, rangi za chuo. Ikimpendeza, sherehe zote za chuo zitakuwa za mke wangu. Amekuwa akiimba jikoni tangu mchana. Mtaani wanamwita Bi Barafu, na leo ameitika.

Nimeamua. Nitaikatia rufaa sheria ya pili.

Jumatatu, 10 Februari

Jaribio la kwanza! Hoja yangu ni safi. Chai yangu ya asubuhi ilipoa kabla sijainywa. Joto lake limekwenda wapi? Halikupotea, sheria yao wenyewe ya kwanza inasema hivyo. Limo humu humu sebuleni! Linazubaa tu. Kazi yangu ni kulizuia lisitoroke mpaka lirudi kikombeni.

Nikafunga madirisha. Nikafunga mlango. Nikaziba nafasi ya chini ya mlango kwa khanga ya mke wangu. Nikaweka kikombe katikati ya meza, nikakaa mkabala nacho, nikangoja.

Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Mara moja nilidhani nimeona mvuke. Ilikuwa miwani yangu.

Mama mkwe akasukuma mlango. Akaniona nimekaa kwenye tanuri peke yangu, nimekikodolea macho kikombe. Akaufunga mlango taratibu. Nikamsikia akimuuliza binti yake kama hali hii ilinianza kabla ya kustaafu au baada.

Matokeo: chai haikupata moto. Mimi nilipata.

Mke wangu amempigia kaka yake simu kumsimulia. Nilisikia kicheko cha shemeji nikiwa ukumbini, na simu ilikuwa sikioni mwa mke wangu.

Jumanne, 11 Februari

Nimeipata! Nimeipata!

Nilikwenda jikoni kutafuta maji ya baridi. Peni yangu ikaangukia nyuma ya friza. Nikaingiza mkono. Moto! Nyuma ya friza kuna moto! Nikafungua mlango wake: ndani baridi kali. Nikarudi nyuma: moto. Ndani: baridi. Joto linatoka penye baridi kwenda penye moto! Kinyumenyume! Sheria ya pili inavunjwa jikoni kwangu kila siku na hakuna aliyewahi kufungua mashtaka!

Nikampigia shemeji palepale. Alikuwa darasani. Nikamwambia hilo halingoji. Akasikiliza, kisha akanijibu kwa sauti ile ya kuwajibu wanafunzi wa dawati la nyuma. Akasema sheria haisemi joto halirudi kamwe, inasema halirudi lenyewe. Friza inalirudisha kwa nguvu za umeme. Na joto linalotoka nyuma ni jingi kuliko lililotolewa ndani, kwa sababu juhudi za mashine nazo zinageuka joto.

Neno "lenyewe"! Amejificha nyuma ya neno moja! Mawakili wa aina hiyo nawajua.

Lakini nilikwishamwacha nyuma. Wazo lingine lilikuwa linapiga hodi, kubwa kuliko la kwanza. Friza ni mashine ya kutengeneza baridi. Mashine yenye uwezo wa kugandisha maziwa yawe jiwe inashindwaje kupoza chumba? Ni suala la kufungua mlango tu! Baridi iko mahabusu mle ndani. Mimi nitaipa dhamana.

Na mama mkwe analalamika juu ya joto la chumba chake kutwa nzima.

Mambo yanajipanga yenyewe. Shemeji anasema hayajipangi!

Jumatano, 12 Februari

Jikoni hakuingiliki. Mke wangu anachemsha maziwa, anapiga mayai, anachuja, anapoza, anamimina. Nimepigwa marufuku kuvuka kizingiti. Nilijaribu kuonja tabaka la waridi, nikapigwa vidoleni kwa mwiko. Tabaka jeupe limeganda sawasawa. La waridi lilimiminwa juu yake jioni hii, likiwa limepozwa vizuri lisije likaliyeyusha la chini. Mstari kati ya rangi mbili umenyooka. Hata mimi nimeutazama kwa heshima.

Mke wangu ameniita "baba watoto" mara nyingi leo. Watoto wameshakuwa watu wazima na wana nyumba zao, lakini jina hilo likitoka najua mambo ni shwari. Akiniita "Karani", natafuta viatu.

Chakula cha jioni: mama mkwe amesema amesikia mpima ardhi amefunga kiyoyozi. Kwa sauti ya hivi hivi tu, huku akinipitishia chumvi. Akasema chumba chake huwa baridi mpaka wageni wanaomba shuka.

Nilitabasamu. Nilitabasamu kama mtu ambaye friza yake ina magurudumu.

Alhamisi, 13 Februari

Naandika nikiwa stoo. Nimejifungia kwa hiari.

Asubuhi mke wangu alitoka kwenda kutafuta vikombe vya karatasi na vijiko. Alipokata kona tu, nikaichomoa friza. Nikaisukuma. Gurudumu moja linalia, lakini tulifika. Chumbani kwa mama mkwe nikaichomeka ukutani. Nikafunga dirisha, nikafunga mlango, ili baridi isipotee mtaani. Nikamkalisha mama mkwe kwenye kiti mbele yake, mkao wa malkia. Nikamwomba afumbe macho.

Nikafungua mlango wa friza.

Nashindwa kueleza! Ukungu mweupe ulimwagika mpaka miguuni pake. Akasema "Uwii!" Akavuta mtandio mabegani. Akafumbua macho, akanitazama kama vile ndiyo kwanza tunakutana, akasema: "Mwanangu, hii ndiyo raha."

Mwanangu! Tangu harusi yangu nimekuwa "huyo", "yeye", na siku za sikukuu "mwenye nyumba". Leo mwanangu! Mpima ardhi na ahame sasa hivi!

Nikaenda sebuleni kumpigia shemeji. Nikamtangazia hukumu: rufaa imekubaliwa. Akauliza nimefanya nini. Nikamweleza. Kisha akauliza, taratibu, nyuma ya friza iko wapi. Nikamwambia iko humo humo chumbani, ingekuwa wapi? Akapiga kelele: "Shemeji, funga huo mlango! Unachota maji ndani ya ndoo na kuyamwaga ndani ya ndoo hiyo hiyo! Tena unaongeza!"

Wivu. Nilimwelewa. Nikaendelea kumsimulia habari ya "mwanangu". Nikarudia tena na tena pale penye mtandio.

Niliporudi chumbani, joto lilinipokea mlangoni kama mtu anayenidai. Friza ilikuwa inanguruma kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Mama mkwe alikuwa ametupa mtandio, amepandisha miguu kitandani, anajipepea kwa mfuniko wa ndoo. Ndoo zilikuwa zinatoa machozi. Akasema: "Wewe, unatupika!"

Nikafikiri haraka. Baridi ilikuwepo, niliiona kwa macho yangu. Basi imevuja. Nikakaza dirisha zaidi.

Friza ikapiga kwikwi. Ikatoa harufu ya raba iliyoungua. Ikanyamaza.

Mlango wa mbele ukafunguliwa.

Mke wangu aliweka vikombe vya karatasi chini, akafunua ndoo ya kwanza, akatazama. Akafunua ya pili. Weupe na uwaridi vilikuwa vimeshaingiliana, vimekuwa karibu rangi moja. Rangi ya plasta ya kidonda. Akakaa pembeni ya kitanda cha mama yake, mikono mapajani. Alikuwa bado ameshika mfuniko.

Kisha akasema, pole pole: "Karani. Hii ndiyo ilikuwa nafasi yangu."

Afadhali angenitukana. Matusi nayajibu. Nimekuja stoo.

Ijumaa, 14 Februari

Kulipopambazuka nilikuwa jikoni na mwiko. Katika stoo niligundua kitu, na damu ilinichemka upya. Vitu vilivyochanganyika kwa kukorogwa kulia, si vinatengana kwa kukorogwa kushoto? Saa inarudishwa nyuma kwa kuzungusha kitasa upande wa pili! Nikakoroga kushoto. Nikakoroga kwa imani. Palipokuwa na mkanda mwembamba wa waridi uliosalia, ukatoweka. Nikaongeza kasi.

Shemeji akanikuta hapo. Mke wangu ndiye aliyemwita, si mimi. Akaegemea mlango, akauliza nakoroga ili iwe nini. Nikamwambia iwe jana.

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akachukua kiti, akasema kuna njia moja tu ya nyeupe na waridi kutengana, nyingi mno za kuchanganyika, na mwiko wangu hauchagui, unabahatisha. Kulia, kushoto, mwiko haujui. Nikambishia. Nikamwambia siku moja upepo uliingia masijala ukatawanya majalada yote sakafuni, na mimi, mimi huyu, niliyapanga tena moja moja mpaka yakakaa kama mwanzo. Mvurugiko ulirudi nyuma! Akauliza nilijisikiaje nilipomaliza. Nikasema nilikuwa nimelowa jasho, njaa inaniuma. Akasema, "Basi ndilo hilo jasho, shemeji. Majalada yalipangika, na joto lako likatawanyika chumba kizima. Mpangilio unanunuliwa."

Nikasema nitalitafakari. Sikupata muda, kwani mke wangu aliingia.

Macho yalikuwa yamevimba lakini kilemba kilikuwa kimefungwa kwa vita. Akachukua ndoo moja baada ya nyingine akazimwaga zote. Zote! Nikasema labda tungeigandisha tu tena. Akasema maziwa na mayai yaliyokaa kwenye joto hawezi kuwalisha watu, tena wauguzi, tena siku ya mahafali yao. Friza haina uhai, fundi atakuja wiki ijayo. Kwa hiyo tutatengeneza upya, leo, kwa mkono, bila friza. Nani yumo?

Mama mkwe akasimama kabla yetu sote, magoti na yote. Akasema kabla ya hawa kuzaliwa alikuwa akiuza aiskrimu ya kuzungusha. Mtungi wa bati ndani ya ndoo ya mbao, barafu iliyopondwa pembeni, chumvi juu ya barafu, na mkono wa kuzungusha. Mtungi wenyewe uko kwake, mvunguni. Shemeji akaufuata kwa gari la jirani, akapitia kiwanda cha barafu.

Chumvi juu ya barafu! Nilipinga, nikidhani wanataka kuipika. Shemeji akasema chumvi inailazimisha barafu kuyeyuka, na ili iyeyuke inavuta joto kutoka kwenye maziwa. Joto la maziwa linahamia kwenye barafu, kwa utaratibu wa kisheria kabisa. Nikatia kidole kwenye maji yale ya chumvi. Mama yangu! Nilikitafuta kidole.

Tukazungusha. Shemeji akazungusha mpaka tai ikaingia kwenye maziwa, akaivua. Mama mkwe akazungusha akiwa amekaa kwenye gunia, anahesabu kwa kuimba. Mimi nikazungusha kuliko wote. Sijawahi kufanya kazi namna ile mahakamani wala kwingineko. Mabega yaliwaka moto, shati likaning'ang'ania, na kila nilipotaka kupumzika mke wangu alinitazama tu. Nikawa nazungusha tena. Na ndani ya mtungi, taratibu, ule uji ukaanza kuwa mzito. Ukakataa mkono. Ukaganda! Weupe kwanza, tukaupakua chini ya ndoo. Kisha tukasafisha mtungi, tukaanza waridi.

Kwenye ndoo ya mwisho tulibaki wawili, mimi nazungusha, yeye anashindilia barafu. Alikuwa na chumvi kwenye nyusi. Sikuweza kuvumilia. Nikamuuliza kwa nini hakuolewa na yule mpima ardhi, saa hizi angekuwa kwenye kiyoyozi. Akaendelea kushindilia.

Akasema: "Yule alikuwa anajua kila kitu kiko wapi. Nilichoka kabla sijaolewa."

Kisha akacheka. Alicheka mpaka barafu ikamtoka mkononi. Nami nikacheka, sikujua hasa kwa nini. Akasema, "Zungusha, baba watoto."

Baba watoto!

Tukafukia ndoo kwenye barafu na chumvi. Mama mkwe akazifunika kwa mablanketi mazito. Hapo nikaruka! Blanketi linatia joto, kila mtu anajua, mtoto anafunikwa blanketi apate joto! Wote wamerukwa na akili? Nikalivuta la kwanza. Mama mkwe akanipiga kofi mkononi. Shemeji akasema blanketi halitengenezi joto, linazuia tu lisipite, kutoka ndani au kutoka nje. Nikasema sawa. Sikuamini. Lakini mkono ulikuwa unawasha.

Jumamosi, 15 Februari

Ushindi! Ushindi ambao haujawahi kutokea! Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Tulifika chuoni na ndoo zetu chini ya mablanketi. Kwa siri nikafunua kidogo kuona maafa. Hakukuwa na maafa. Ngumu kama tofali! Ukumbi umejaa, wauguzi wamevaa nyeupe na mikanda ya waridi, wazazi wanajifuta shingo. Matroni mwenyewe, mwanamke mrefu asiyecheka, akaja kukagua. Mke wangu akakata kipande cha mwanzo. Mstari kati ya rangi mbili ulikuwa umenyooka vilevile! Matroni akaonja. Akafumba macho kidogo. Akasema ipakuliwe kabisa kwenye vikombe, igawiwe mara mgeni rasmi atakapomaliza hotuba, maana yupo kwenye sentensi ya mwisho.

Tukapakua kwenye vikombe. Tukavipanga kwenye meza ndefu. Vikombe vyote, vimetoka kwenye barafu, viko hewani.

Sentensi ya mwisho ikazaa nyingine. Mgeni rasmi alikuwa amefikia utoto wake. Alikuwa bado hajaanza shule! Nikatazama vikombe. Pembeni palianza kung'aa. Nikamtazama shemeji. Alikuwa amekaza taya, akasema kwa mnong'ono ukumbi ndio wenye moto, vikombe ndivyo vyenye baridi, hakuna tunaloweza kulifanya. Nikamtazama mke wangu. Alikuwa amesimama nyuma ya meza, ameshika kijiko kikubwa kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa ule wa juzi, pembeni ya kitanda.

Mgeni rasmi akaingia darasa la kwanza.

Sijui nini kilinipanda. Sikupanga. Naapa hii sikuipanga! Miguu ilinipeleka mpaka katikati ya njia ya ukumbi, kifua kikajaa hewa, na ile sauti yangu ya miaka mingi, sauti ya kumwingiza hakimu, ikatoka yenyewe:

"Simameeeni!"

Ukumbi mzima ukasimama. Wauguzi, wazazi, Matroni. Viti viliungurumia sakafu. Mgeni rasmi akanyamaza, akatazama watu wote wamesimama kwa ajili yake. Macho yakamlowa. Akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, akasema asanteni, asanteni sana. Akaketi! Makofi!

Nikakimbilia meza. Tukagawa vikombe kama watu wanaozima moto. Kila kimoja kilifika mkononi kikiwa na rangi zake mbili. Mgeni rasmi akaomba kingine.

Matroni alimjia mke wangu akicheka. Naam, akicheka! Akasema sherehe zote za chuo ni zake kuanzia sasa, na za hospitali atazisemea. Kisha akanitazama, akauliza yule bwana wa itifaki tumemtoa wapi. Mke wangu akasema: "Ni mume wangu." Akalisema kwa sauti ya kusikika mpaka meza ya tatu.

Leo sisemi zaidi. Sina sauti.

Jumapili, 16 Februari

Daktari amemruhusu mama mkwe. Anasema magoti yamelegea vizuri, na kama amekuwa akifanya mazoezi aendelee nayo. Asubuhi ameondoka na mtungi wake. Mlangoni alinishika mkono, akasema anashukuru kwa kila kitu isipokuwa Alhamisi. Kisha akasema ukweli ni kwamba mpima ardhi alikuwa na mikono laini mno, asingeweza kuzungusha hata ndoo moja. Akaingia garini. Nilisimama barabarani mpaka vumbi lilipotua.

Shemeji alirudi mchana. Akakaa kwenye kiti changu, akaniuliza kama mwalimu anavyouliza mwisho wa muhula: nimejifunza nini wiki hii?

Nikamwambia mengi. Kwanza, kilichokuwa uji kimekuwa kigumu, kilichovurugika kimepangika, kwa hiyo sheria ya pili imeshindwa mbele ya mashahidi. Pili, mablanketi yanatengeneza baridi, na nashangaa hospitali zinawafunika nayo wagonjwa. Tatu, mwiko wangu wa kushoto ulikuwa unakaribia kabisa pale alipoingia na kunikatiza.

Akafungua kinywa. Mke wangu akamgusa bega, akamwambia, "Kaka, mwache." Akamwongezea chai. Shemeji akanywa, akanitazama, akatikisa kichwa, kisha na yeye akaanza kucheka. Ameniachia kiti aliposimama kwenda kuaga. Nimekikalia kwa heshima ya mshindi.

Jumatatu, 17 Februari

Umeme umekatika mtaa mzima tangu mchana. Majirani wamekaa vibarazani wakilalamika. Mimi silalamiki. Mimi nafikiri.

Mke wangu ameleta kutoka sokoni waya mpya wa ekstensheni kwa ajili ya jiko lake. Nimekaa nao sebuleni nikiugeuzageuza. Una matundu manne upande huu, ya kutolea umeme. Upande ule una plagi moja, ya kuingizia umeme. Inaingia moja, yanatoka manne! Hili halijawahi kumshtua mtu?

Nikichukua ile plagi moja, nikaichomeka kwenye tundu mojawapo la waya huu huu, umeme utatoka, utaingia, utatoka tena. Hautakuwa na pa kwenda isipokuwa kuzunguka. Na matundu matatu yanabaki! Moja la taa, moja la feni, moja nitawapa majirani.

Nimempigia shemeji. Nilipofika kwenye neno "wenyewe" simu ilikatika. Mtandao mbaya.

Nimechomeka. Plagi imeingia barabara, kama iliyozaliwa kwa ajili ya tundu hilo. Nimechomeka na taa. Mke wangu amepita na beseni, akatazama, akaendelea na safari yake.

Haijawaka bado. Nimetega sikio. Nadhani unajikusanya.